Tunaisogeza Kidogo

Katika miaka yangu saba ya kwanza ya umeneja wa udobi, sikumkatalia mfanyakazi likizo hata mara moja. Mafaili yapo, nendeni mkaangalie. Kila mwisho wa mwaka ofisi ya utumishi ilituletea fomu, na kwenye mstari wa likizo zilizokataliwa mimi nilijaza sifuri, ya duara nzuri kabisa, kwa macho makavu. Mameneja wenzangu waliniuliza nafanyaje. Nilikuwa nacheka tu, nikijiona mjanja wa mjini.

Nilikuwa nafanya hivi. Ukutani ofisini kwangu palikuwa na kalenda kubwa ya mwaka mzima, na pembeni yake penseli imening'inia kwa uzi. Anayetaka likizo alikuja mwenyewe, akaandika jina lake kwenye tarehe anazotaka. Hakuna barua, hakuna kubembelezana na mtu. Watu waliipenda sana kalenda ile. Ila ufutio ulikaa kwenye droo yangu. Tarehe zikikaribia na kazi imepamba moto, nilimwita mwenye jina, nikampa kiti, nikamuuliza habari za nyumbani, halafu nikamwambia, "Hatujaikataa likizo yako. Tunaisogeza kidogo." Kukataa kulitaka barua yenye sababu na sahihi ya mkurugenzi. Kusogeza kulitaka ufutio tu.

Nayasema haya mapema ili msije mkanionea huruma huko mbele. Kina mama wa chumba cha pasi waliniita Mama Ratiba nikiwapa kisogo, wakidhani sijui. Nilijua, na nilikuwa naona sifa.

Udobi wetu ulifua nguo za hospitali tatu na hoteli kadhaa. Kilikuwa chumba kimoja kirefu: mashine za kufulia upande wa kushoto, za kukaushia katikati, na mwisho kabisa pasi la roli, lile ambalo shuka linaingia limekunjamana upande huu na kutoka limenyooka upande wa pili, kina mama wawili wanalipokea na kulikunja kabla halijapoa. Nyuma ya ukuta ndipo ilipokaa boila iliyotupa mvuke. Boila ikizima, kila kitu kinasimama, na huko hospitalini daktari wa upasuaji anaanza kuuliza gauni lake liko wapi. Na boila ile ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua nje ndani.

Tulimwita Nati. Mifuko ya ovaroli lake ilijaa nati na skrubu za kila saizi, ukamsikia kabla hujamwona. Mwembamba, miaka arobaini na kitu, na chini ya ovaroli lenye grisi alivaa shati lililopigwa pasi likanyooka, kwa sababu kina mama walimpigia bila yeye kuomba. Mdomo alikuwa nao. Mashine ya pili ya kufulia aliiita shemeji, kwa maelezo kwamba inakula sana na kazi haifanyi. Ikigoma, alikuwa anaigonga ubavuni na kuiambia, "Shemeji, wageni wamekuja, jitahidi basi," na wallahi ilikuwa inawaka.

Mimi aliniita dada. Siku yangu ya kwanza pale nilikuwa karani wa kuhesabu mashuka, na saa nne haijafika nilishachanganya mizigo ya hospitali mbili. Nikaenda chooni kulia. Nilipotoka nikamkuta Nati amekaa chini katikati ya mashuka mia nne, anaangalia alama za pindo moja baada ya nyingine na kuyatenga. "Dada, kaa hapa," akasema. "Mashuka hayasemi, na mimi sisemi." Tulimaliza mchana, na hakumwambia mtu mpaka leo. Nilipopanda cheo wenzake wote waligeuza ulimi, mara bosi, mara mheshimiwa. Yeye alibaki na dada yake, hata mbele ya mkurugenzi. Nilikuwa namkunjia uso mbele za watu, na moyoni nafurahi.

Alilelewa na mama peke yake. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule, na Nati alianza ufundi akiwa na miaka saba, kwa kuitia cherehani ile mafuta na kuikaza mkanda kila Jumamosi. Alipenda kusema kwamba boila ni cherehani iliyonenepa. Mama alibaki kwao, safari ya siku nzima kutoka mjini, akikaa na mdogo wake Nati wa kike. Basi mama akaanza kusahau. Kwanza alisahau birika jikoni, kisha majina ya majirani, kisha njia ya kwenda dukani. Daktari aliwaambia bila kuwazungusha kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma, na kitu kinachobaki ni kukaa naye.

Mwanzoni mwa mwaka Nati aliingia ofisini, akashika penseli ya kwenye uzi, akaandika jina lake kwenye wiki mbili za mwezi wa tatu.

"Dada, mwaka huu naomba hizi," akasema. "Mama bado ananijua. Mdogo wangu anasema ananiulizia kila kukicha. Nataka nikakae naye angali ananijua."

"Andika, kaka," nikamwambia. "Andika kabisa."

Mwezi wa tatu ukaja na mkaguzi wa boila. Hilo sikulitunga mimi, mkaguzi alikuja kweli, na asingekagua boila bila fundi wake. Nilimwita Nati, nikampa kiti, nikatoa ufutio. Hakununa. "Sogeza tu, dada," akasema, akaandika jina lake mwezi wa sita.

Mwezi wa sita tukapata hospitali ya tatu. Mizigo ikaongezeka mara mbili, mashine zikawa hazipumui. Safari hii nilimvika kilemba cha ukoka. Nikamwambia bila yeye pale pana nini, nikamwambia hata mkurugenzi anamtaja kwa jina. Alicheka, lakini kabla hajatoka alisimama mbele ya kalenda na kuweka kidole pale jina lake lilipokuwa. Penseli ikifutwa huacha alama, na jina lilikuwa bado linasomeka ukiinama. Akaandika upya, mwezi wa tisa.

Nisijisingizie kwamba nilikuwa mvivu nikiwatwika wenzangu. Mimi mwenyewe miaka saba sikuchukua likizo, na nilijipiga kifua kwa hilo. Binti yangu alipohitimu chuo nilikuwa nahesabu mataulo, na kwenye picha zote za siku ile baba yake amesimama peke yake na shada la maua. Niliamini kiongozi ni yule anayeingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, na kwamba mtu akiniona nimechoka ataona aibu kusema yeye amechoka. Hilo la aibu lilifanya kazi vizuri mno.

Saa ya chakula Nati alikuwa anapiga simu kwao. Alisimama kando ya mashine za kukaushia, mahali penye kelele, kwa hiyo alilazimika kupaza sauti, na ofisi yangu haikuwa mbali. "Mwezi ujao, mama," nilimsikia. "Nakuja mwezi ujao. Ndiyo, mimi, mwanao. Mwezi ujao." Nilikuwa nainuka na kufunga mlango.

Sasa nifike kwenye mwezi wa tisa, ambao sijauandika kwenye ripoti yoyote.

Wiki tatu kabla ya tarehe za Nati, makao makuu walinipigia simu. Tawi letu la pili lilikuwa limesimamisha nusu ya mashine kwa matengenezo, na fundi wao hana kazi ya kufanya. Boila yao ni ndugu moja na yetu. Kama namhitaji, wakasema, naweza kukaa naye mwezi mzima. Nikawashukuru, nikawaambia huku kwetu mambo ni shwari, hatuhitaji mtu.

Sababu ilikuwa pampu. Pampu ya kulishia boila maji ilikuwa imechakaa, na mwezi wa sita, katika pilikapilika za hospitali mpya, niliandika kwenye ripoti kwamba imeshabadilishwa. Haikubadilishwa. Nati aliibembeleza asubuhi na jioni kwa mikono yake, akiamini spea iko njiani, maana hivyo ndivyo nilivyomwambia. Fundi wa tawi la pili angefungua mlango wa chumba kile, angeiona papo hapo na angemwambia meneja wake, na meneja yule alikuwa anakimezea mate kiti changu. Isitoshe, mkurugenzi alikuwa analeta wageni waone udobi wa mfano. Kwa hiyo mtu nilikuwa naye, mkononi, wa bure, nikamkataa. Huyo ndiye mtu pekee niliyewahi kumkataa, na kwenye fomu hana mstari.

Nikamwita Nati. Nikampa kiti. Nikamuuliza habari za mama, na hapo ndipo ninapojichukia zaidi, kwa sababu niliuliza kwa sauti ya upole.

"Juzi alimwita mdogo wangu kwa jina la marehemu shangazi," akasema. "Lakini mimi kwenye simu bado ananijua. Akisikia sauti tu, ananitaja."

"Sina mtu wa kukushikia, kaka," nikamwambia. "Ningekuwa naye, ungeondoka leo hii."

Alikuwa na nati moja mkononi, anaizungusha. "Basi sogeza, dada," akasema. Nikafuta jina lake mbele ya macho yake, nikapuliza vumbi la ufutio kwenye meza.

Wageni walikuja. Mkurugenzi aliwaonyesha ile kalenda, akawaambia hapa kwetu kila mtu anajipangia mapumziko yake mwenyewe. Wakaipiga picha. Mmoja wao akanipa mkono akasema ameona kwa macho yake jinsi kazi na maisha vinavyoweza kwenda pamoja. Baada ya mwezi nikapewa cheti cha kiongozi bora, kina fremu, nikakitundika juu ya kalenda.

Aliyenizindua ni mama mmoja wa pasi, mkubwa wao, mtu wa kunyamaza. Mwezi wa kumi na moja aliingia ofisini, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Mama Ratiba," akaniita hivyo hivyo, usoni. "Mtoto wa watu amekaa kule kwenye makapu ya nguo chafu. Amempigia mama yake, mama amemuuliza wewe nani. Mpe ruhusa aende, na kama ni mimi wa kuisukuma hiyo boila nitaisukuma."

Sikubishana naye, wala sikujali tena nani ataiona pampu. Nilinyanyua simu nikapiga tawi la pili, na fundi wao akafika kesho yake saa mbili asubuhi na begi lake la vifaa. Mazungumzo yote hayakuzidi dakika nne. Nati alimwonyesha boila kwa haraka, akavua ovaroli, akapita ofisini kuniaga.

"Ahsante kwa kunitafutia mtu, dada," akasema. "Najua umehangaika."

Nikamwambia safari njema. Nilitaka ardhi ipasuke.

Aliandikiwa wiki mbili, akarudi siku ya kumi. Nilimkuta asubuhi kwenye chumba cha boila, keshavaa ovaroli, anaisikiliza pampu huku ameweka kiganja juu yake. Nikamuuliza mbona mapema hivyo. Akachukua tambara, akawa anajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu, na akanihadithia bila kuniangalia.

"Nilifika saa nane mchana. Amekaa mlangoni. Aliponiona akacheka, uso wote, dada, nikajua amenijua. Akasema, 'Fundi, umechelewa. Nimekungoja tangu asubuhi.' Akanishika mkono akanipeleka kwenye cherehani."

"Cherehani ile ile?"

"Ile ile. Haikuwa na kitu, mkanda umelegea tu. Lakini nilijua nikimaliza ataniaga. Basi nikaifungua yote, nati kwa nati, nikaipanga kwenye gazeti. Akaniletea chai, akakaa kando yangu. Akasema, 'Una mkono mzuri wewe. Nina mwanangu naye ni fundi. Kazi imembana huko mjini, lakini ameniambia anakuja mwezi ujao.'"

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Nikamwambia, atakuja, mama," Nati akaendelea. "Nikafanya hivyo siku zote nilizokaa. Jioni nalegeza skrubu moja, asubuhi nabisha hodi, ananikaribisha fundi. Mwishowe mdogo wangu akaniambia inatosha, unajiumiza bure. Nikaikaza yote, nikaitia mafuta, nikaondoka." Akalitazama lile tambara. "Sikulaumu, dada. Ulikuwa huna mtu."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ameshanisamehe kabla sijaomba, na pale chumbani hapakuwa na mwingine. Nilifikiria kunyamaza, nisiwadanganye. Nilifikiria hata maneno ya kumpoza. Lakini yale aliyoyasema ya mwisho yalikuwa maneno yangu, niliyompa mwenyewe mwezi wa tisa, na kumsikia ananirudishia kwa wema vile kulinishinda.

"Nilikuwa naye," nikasema.

Nikamwambia yote. Simu ya makao makuu, fundi wa bure, pampu ambayo haikuwahi kuagizwa, ripoti, wageni. Nilifika mwisho. Yeye alikuwa analikunja lile tambara, mara mbili, mara nne, pembe kwa pembe, kama kina mama wanavyokunja shuka.

"Mwezi wa tisa alikuwa bado ananijua," akasema.

"Ndiyo, kaka."

Akaliweka tambara juu ya bomba.

"Sawa, meneja," akasema, akageuka, akainamia pampu.

Niliandika barua kwa mkurugenzi siku ile ile, na nikapewa onyo ambalo kwa kweli lilikuwa jepesi kuliko nilivyotaka. Pampu mpya ilifungwa. Kalenda ipo, ila sasa inaandikwa kwa kalamu, na kila atakayehitaji kuondoka mimi ndiye ninayekosa usingizi mpaka apatikane wa kumshikia. Fundi wa tawi la pili anakuja kila baada ya miezi mitatu. Mameneja wenzangu wanasema nimekuwa laini. Cheti nimekitia kabatini, kimeegemea ukuta, na kila nikifungua kutafuta faili nakutana nacho. Sijakitupa kwa sababu kukitupa kungenipa nafuu.

Nati yupo. Nilitarajia atanitukana, au ataomba kuhama, na usiku fulani niliomba afanye mojawapo. Hajafanya. Anakuja kwa wakati, anatoka kwa wakati, na kila baada ya miezi mitatu anakwenda kwao na begi lake la vifaa. Kina mama wa pasi wanasema huko bado anabisha hodi. Anawatania wao, anagombana na shemeji yake wa chuma, kicheko chake nakisikia mpaka ofisini. Nimeacha kufunga mlango.

Wiki iliyopita nilipita chumba cha boila. Alikuwa ameinama, ananong'ona na ile pampu mpya, mifukoni nati zinalia. Nikasimama mlangoni, nikamwita kama zamani, "Kaka."

Akainuka, akafuta mikono vizuri, kidole kwa kidole, akanitazama kwa heshima zote anazopewa mgeni.

"Ndiyo, meneja," akasema. "Nikusaidie nini?"

Nikamwambia sina shida, nilikuwa napita tu.